Kompyuta ifunguliwe kwanza, prosesa inunuliwe baadaye

BENI, Kivu ya Kaskazini – Katika sekretariati ndogo za kando ya boulevard Nyamwisi na karibu na soko la Kilokwa, mashini nyingi zinazopiga barua, kutoa kopi na kuchapisha hati ni kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika kwingine. Nyingine zimeingia kupitia mpaka wa Kasindi zikitokea Uganda. Nyingine zimenunuliwa kwa mtu aliyenunua kwa mtu mwingine. Umri wake ni miaka kumi na zaidi.

Kompyuta hizo za zamani zinabeba kazi kubwa. Mzazi aliyekimbia Oicha au Mamove anakwenda hapo kuandikisha barua ya kumwombea mtoto nafasi shuleni. Mkuu wa mtaa anapigisha hapo orodha ya familia zilizopokelewa. Kijana aliyemaliza sekondari anaandika hapo barua ya kuomba kazi. Mashini ikienda polepole, foleni inarefuka, mafuta ya jenereta yanaisha, na mwenye duka anatafuta pesa yake kwa mteja.

Ndiyo maana neno prosesa limetoka midomoni mwa mafundi na kuingia midomoni mwa watu wa kawaida. Kijana mwenye kompyuta nzito anaambiwa: "Badilisha prosesa, utaona itakavyokimbia." Anakusanya dola zake, anatoa. Mara nyingine kompyuta inakimbia kweli. Mara nyingine inabaki palepale. Na mara nyingine haiwaki tena, na hakuna wa kumwuliza.

Kubadilisha prosesa ni kazi ambayo mtu anayeanza anaweza kujifunza na kuifanya vizuri, na ni njia nzuri ya kurefusha maisha ya kompyuta ya zamani. Lakini pesa isitoke mfukoni kabla ya kompyuta kufunguliwa mbele ya mwenyewe na maswali matatu kujibiwa. Ile desturi ya kuacha mashini kwa fundi asubuhi, kuichukua jioni na kulipa bila kujua kilichofanyika ndani, inawaumiza watu ambao hawana pesa ya kuchezea.

Swali la kwanza: ni prosesa kweli inayochelewesha?

Ndani ya kompyuta mna kazi tatu zinazochanganywa kila siku. Chukua mfano wa jikoni kwenye mgahawa. Prosesa ni mpishi. Ramu ni meza anayokatia sombe. Diski ni ghala ambamo unga, mafuta na samaki wamewekwa. Ghala likiwa mbali na mlango wake ni mwembamba, kuleta mpishi mwenye mikono ya haraka zaidi hakusaidii kitu; atasimama tu akingoja unga. Meza ikiwa ndogo, atakuwa akirudisha vitu ghalani kila dakika ili apate nafasi.

Kompyuta nyingi za zamani zina ugonjwa wa ghala. Diski yake ni ile ya sahani inayozunguka, na ndiyo inayofanya mashini ichukue dakika nyingi kuwaka na kufungua ukurasa mmoja wa kuandikia. Anayeondoa diski hiyo na kuweka ya aina ya SSD anaona tofauti siku hiyohiyo, bila kugusa prosesa. Nyingine zina ugonjwa wa meza: ramu ni giga 2, na mwenyewe anafungua intaneti, barua na picha kwa wakati mmoja.

Kujua ugonjwa hakuhitaji fundi. Kwenye Windows, mtu anabonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na dirisha linafunguka lenye asilimia za prosesa, za ramu na za diski. Aliache wazi, afanye kazi yake ya kawaida, na wakati mashini inapoanza kukwama atazame. Diski ikiwa 100 na prosesa iko chini sana, basi pesa iende kwenye SSD. Ramu ikiwa imejaa, pesa iende kwenye ramu. Prosesa ikikaa karibu na 100 kwa muda mrefu huku zile nyingine zimetulia, hapo ndipo neno "badilisha prosesa" lina maana.

Kwa sekretariati inayopiga barua tu, mara nyingi jibu ni SSD na ramu. Kwa kijana anayekata sauti za matangazo ya redio ya jamii, anayetengeneza video za arusi, au anayechora mabango, jibu linaweza kuwa prosesa. Watu hao wawili hawapaswi kupewa dawa moja.

Swali la pili: ubao unakubali prosesa gani?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Prosesa inakaa juu ya ubao mkuu, ule ambao mafundi wa mjini wanauita kwa Kifaransa carte mère. Kikao chake kinaitwa soketi. Prosesa isiyo ya soketi hiyo haiingii, na hata ile inayoingia inaweza kukataliwa na ubao.

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 790, kompyuta ya ofisi ya mwaka 2011. Soketi yake ni LGA 1155. Namba hiyo ni idadi ya sehemu ambazo prosesa na soketi zinagusana. Nyingine ziliuzwa na prosesa ya i3-2100, yenye viini viwili. Ubao huohuo unakubali i5-2400 yenye viini vinne, na hata i7-2600 yenye viini vinne vinavyoweza kushika kazi nane kwa pamoja. Kutoka viini viwili kwenda vinne ni badiliko ambalo mkata sauti au mkata video ataliona waziwazi.

Lakini mwaka 2012 Intel ilitoa kizazi kilichofuata, kwa mfano i5-3470. Nayo ni ya soketi ya LGA 1155. Inaingia kwenye OptiPlex 790 bila shida, kifuniko kinafunga, kila kitu kinaonekana sawa. Kisha mashini haiwaki, kwa sababu ubao ule haukutengenezwa kwa kizazi hicho. Ndugu yake OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inakubali vizazi vyote viwili. Kwa macho, kompyuta hizo mbili karibu zinafanana.

Kwa hiyo mtu anayeuziwa prosesa kwa maneno "hii ni 1155, itaingia" ameambiwa nusu ya ukweli. Namna ya kuisoma namba ya prosesa si ngumu. Katika i5-2400, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 2, inaonyesha kizazi cha pili. Katika i5-3470, ile 3 inaonyesha kizazi cha tatu. Kizazi cha nne kina soketi nyingine kabisa, LGA 1150, na hakiingii hata kwa kusukuma.

Kabla ya kununua, mwenyewe aandike kwenye karatasi vitu vitatu: jina na namba ya kompyuta iliyo kwenye kibandiko cha nje, jina la prosesa iliyomo sasa, na namba ya programu ya ubao iitwayo BIOS. Kisha atafute kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Dakika chache za intaneti kwenye simu ya rafiki zinatosha. Kile kisichokuwa kwenye orodha kisinunuliwe, hata kama bei inavutia.

Kuna mtego mmoja hapo. Wengine wanashauri BIOS isasishwe kabla ya kubadilisha prosesa. Ni kweli kwamba mbao nyingine zinahitaji hivyo. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza kufa. Katika mji ambamo umeme unakatika bila kuaga, kazi hiyo isifanywe pasipo betri ya kushikilia mashini, na isifanywe kabisa kama orodha haiidai. Kwa mwenye OptiPlex 790 anayetoka i3-2100 kwenda i5-2400, kizazi ni kilekile. Hana sababu ya kuhatarisha ubao.

Swali la tatu: joto litaenda wapi?

Prosesa yenye nguvu inatoa joto zaidi. Ile i3-2100 imepewa kikomo cha wati 65. Zile i5-2400 na i7-2600 zimepewa wati 95. Tofauti ya wati 30 inaonekana ndogo, lakini ndani ya sanduku dogo lililojaa vumbi la miezi ya jua ni tofauti kubwa. Prosesa ikipata joto sana inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenyewe anabaki na mashini nzito kama zamani baada ya kulipa.

Kwa hiyo feni isafishwe, chuma cha kupoozea kipigwe brashi, na mwenye kompyuta ndogo sana ahakikishe kama aina yake iliwahi kuuzwa na prosesa ya wati 95. Anayetumia jenereta au umeme wa jua apige pia hesabu yake. Wati 30 kwa saa nane ni karibu robo ya kilowati-saa, pale prosesa inapofanya kazi kwa nguvu zote. Siku moja si kitu. Mwezi mzima ni pesa.

Kazi yenyewe

Maswali matatu yakiisha kujibiwa, kazi ya mikono si ya kuogopesha. Inataka turnevisi, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, alkoli, na pasta ya joto, ule ute wa kijivu unaowekwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea. Inataka pia meza safi na saa moja bila haraka.

Kwanza hati zote za maana zinakopiwa kwenye ufunguo wa USB. Kompyuta inaachwa iwake dakika chache ili pasta ya zamani ilainike, kisha inazimwa na waya wa umeme unachomolewa. Kitufe cha kuwasha kinabonyezwa mara moja baada ya hapo ili umeme uliobaki ndani utoke. Kabla ya kugusa ubao, anayefanya kazi anashika chuma cha sanduku, kwani umeme mdogo wa mwilini, ule unaorusha cheche mtu akivua nguo ya nailoni, unaweza kuua kifaa.

Waya wa feni unachomolewa. Misumari ya chuma cha kupoozea inalegezwa kwa kupishana, kona moja kisha ile ya mkabala. Kisipotoka, kinazungushwa kidogo kushoto na kulia. Hakivutwi kwa nguvu. Hilo ni la lazima zaidi kwa prosesa nyingi za zamani za AMD, ambazo pini ziko chini yake: ikivutwa ghafla inaweza kung'oka pamoja na chuma, pini zikapinda.

Kwenye Intel za LGA, pini ziko ndani ya soketi. Ni nyingi, ni nyembamba kuliko sindano, na kidole kimoja kinatosha kuziharibu. Mkono wa soketi unafunguliwa, prosesa ya zamani inainuliwa kwa kushikwa pembeni, na mpya inashushwa taratibu ikifuata alama ya pembetatu na vijino viwili vya pembeni. Haisukumwi. Ikiwa imekaa vizuri, inakaa kwa uzito wake yenyewe. Mkono wa soketi unaporudishwa utakuwa mgumu kidogo. Huo ni ugumu wa kawaida.

Pasta ya zamani inafutwa kwa alkoli. Mpya inawekwa kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa, si zaidi. Chuma kinarudishwa, misumari inakazwa kwa kupishana, na waya wa feni unarudishwa mahali pake. Wanaoanza wengi wanausahau waya huo. Kompyuta ikiwaka, mtu anaingia kwenye BIOS kuona kama jina la prosesa mpya limeandikwa hapo, na anaangalia joto kabla ya kufunga sanduku.

Prosesa ya zamani haitupwi. Inafungwa kwenye karatasi na kuwekwa. Mpya ikikataa, ile ya zamani ndiyo itakayorudisha kazi siku hiyohiyo.

Wanaopinga

Mafundi wengine husema kwamba maneno haya yanawafundisha watoto kuharibu mashini za watu. Wana hoja. Pini zilizopinda ni hasara ya kweli, na fundi mzuri ana jicho na mkono ambavyo havipatikani kwa kusoma. Lakini jibu si kuficha kazi. Jibu ni kujifunzia kwenye mbao zilizokufa. Kila karakana ya mjini ina rundo lake pembeni, na ubao usiowaka una soketi ileile, mkono uleule na pini zilezile. Kijana akitoa na kurudisha prosesa mara kumi kwenye ubao mfu, mara ya kumi na moja mkono wake hautatetemeka.

Na fundi mwaminifu hapotezi mteja kwa kufanya kazi mbele yake. Anayepoteza ni yule anayeuza prosesa kwa mtu aliyehitaji ramu.

Wengine watasema kwamba familia zilizokimbia vita zina shida za chakula na nyumba, na mambo ya prosesa ni ya wenye kushiba. Hapana. Familia iliyoacha shamba la kakao kule Mbau haiwezi kulima barazani kwa jirani. Kijana wake anayejua kufungua kompyuta, kuipima na kuirudisha ikiwa salama amepata kazi ya mikono isiyohitaji shamba, na inayobebeka pale watakapohama tena. Turnevisi na ujuzi vinaingia ndani ya mfuko mmoja.

Kuna na jambo jingine. Ubao wa kompyuta umeunganishwa kwa bati, na ndani ya vifaa vya umeme mna tantali inayotoka kwenye koltani. Bati inachimbwa Bisie katika Walikale; koltani inachimbwa Rubaya katika Masisi. Mkoa ambao ardhi yake inatoa madini ya kompyuta unarudishiwa kompyuta zilizochoka, na wakaaji wake wanaambiwa wasizifungue. Kujua kilichomo ndani hakutamaliza vita. Lakini ni mahali ambapo raia anaweza kuacha kuwa mnunuzi wa kila anachoambiwa.

Pasizidishwe pia

Prosesa mpya haifanyi kompyuta kuwa changa. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Hakuna prosesa itakayoingia kwenye OptiPlex 790 ikatimiza sharti hilo. Anayeambiwa kwamba i7-2600 itampa Windows 11 kwa njia ya halali anadanganywa. Njia iliyo wazi kwake ni mfumo wa bure kama Linux Mint, ambao unapiga barua, unafungua intaneti na kukata sauti bila malipo ya leseni.

Na ikiwa bei ya prosesa, SSD na ramu kwa pamoja inakaribia bei ya kompyuta nyingine ya mitumba iliyo changa zaidi, basi ile ya zamani iachwe ilivyo. Hesabu hiyo ifanywe kwa kalamu kabla ya kwenda sokoni.

Yanayoweza kuanza sasa

Muuzaji wa prosesa aandike kwenye fakture namba kamili ya prosesa, si neno "prosesa" peke yake, na akubali irudishwe kesho yake kama haikuwaka kwenye kompyuta iliyotajwa. Mnunuzi naye afute pasta iliyokauka juu ya kifuniko na asome namba iliyochongwa hapo kabla ya kulipa. Vituo vinavyofundisha vijana kompyuta viache kuishia kwenye kuandika barua. Viweke mezani ubao mfu na turnevisi. Fundi amwite mwenyewe aje kutazama sanduku likifunguliwa, na amwonyeshe zile asilimia tatu kabla ya kutaja bei.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mfadhili au amri kutoka Kinshasa. Mzazi anayengoja barua ya mtoto wake kwenye foleni ya sekretariati hajui i3 wala i5, wala hahitaji kujua. Lakini ni yeye anayelipia kila prosesa iliyonunuliwa kwa kubahatisha, kupitia bei ya ukurasa mmoja.